Waliokuwepo na hawakuandikwa

Jamani, mimi niliingia mwaka wa kwanza nikiamini TANU ilijengwa na wasomi tu, Nyerere na wenzake. Kisha nikasoma TANU Women, kitabu cha mwanahistoria Susan Geiger kilichotoka mwaka 1997.

Geiger hakuishia kwenye majalada ya serikali. Miaka ya 1980 alikaa na wanawake wenyewe wakamsimulia maisha yao, akiwemo Bibi Titi Mohamed. Wanaharakati wengi wa Dar es Salaam walikuwa Waislamu waliosoma kidogo. Lakini walikuwa na vikundi vya ngoma, vyenye viongozi wake, vilivyokutanisha watu wa makabila mbalimbali kwa Kiswahili. Titi mwenyewe alikuwa mwimbaji. Mwaka 1955, alipoanza kuwahamasisha wanawake wajiunge na TANU, alipitia kwa viongozi wa vikundi hivyo, nao wakawaleta watu wao.

Hoja ya Geiger ni hii: wanawake hawa hawakusubiri wasomi wawafundishe utaifa. Yaani, walikuwa wakiuishi tayari.

Kitabu hicho kiliniumbua. Nilikuwa naandika utafiti kuhusu mgomo wa wanafunzi wa zamani kwa kutegemea mihtasari ya vikao peke yake, na majina yote yalikuwa ya viongozi. Aliyepita chumba kwa chumba usiku kuwaamsha wenzake yuko wapi? Nimeanza upya, safari hii kwa kuwatafuta watu na kuwarekodi.

Nawe kabla hujaandika, uliza: nani alikuwepo na hakuandikwa? Uliza mapema, maana wanazeeka.