Safari ya Picha Kutoka Simuni Hadi Tovutini: Somo la Kuunda Kipakiaji na Maktaba ya Faili

Kamati za maji, shule na vikundi vya vijana katika kata nyingi siku hizi hutumia programu za blogu kutangaza shughuli zao. Katibu wa kamati hupiga picha ya tangi jipya la maji, huichagua katika simu, hubonyeza kitufe cha kupakia, kisha husubiri. Duara huzunguka dakika kadhaa, na mwishowe hutokea ujumbe kwamba faili limezidi kiwango. Bando limekwisha na picha haijafika. Aghalabu lawama huuangukia mtandao au katibu mwenyewe, ilhali kosa limo katika usanifu wa programu: aliyeiunda hakufikiri vya kutosha juu ya kipakiaji, yaani sehemu inayopokea faili, wala juu ya maktaba ambamo faili hutunzwa na kutafutwa. Vijana wanaojifunza kuunda programu, na viongozi wa vikundi wanaowaagiza kazi hiyo, yafaa wazifahamu sehemu hizo mbili.

Kutuma faili kupitia kivinjari hakukuwako tangu mwanzo wa tovuti. Novemba 1995 Ernesto Nebel na Larry Masinter wa kampuni ya Xerox walichapisha pendekezo la kuongeza katika fomu za tovuti sehemu ya kuchagua faili na kulituma. Fomu hiyo ya kale ingali inafanya kazi, lakini kwa yenyewe ni bubu: haimwelezi mtumaji faili limefika wapi, wala haimwonyi kabla ya safari kuanza.

Tatizo la katibu wa kamati ya maji hueleweka kwa hesabu ndogo. Picha ya simu yenye upana wa pikseli 4,000 na urefu wa 3,000 ina pikseli milioni 12, na mara nyingi huwa na uzito wa megabaiti tatu hadi tano. Lugha ya PHP, inayoendesha programu nyingi za blogu, isiporekebishwa hukubali faili lisilozidi megabaiti 2 tu. Seva huweza kulikataa faili baada ya kulipokea lote, na hapo gharama imekwisha kulipwa na mwananchi. Hata hivyo kivinjari cha kisasa chaweza kuujua uzito wa faili kabla ya kutuma hata baiti moja. Kwa hiyo msanifu makini huandika kiwango cha juu kando ya kitufe, hupima faili papo hapo, na kama limezidi humwambia mtumiaji afanye nini. Lililo bora zaidi ni kuipunguza picha humo humo simuni, kisha kutuma ile ndogo.

Mfano mzuri wa kujifunzia ni WordPress, programu ya blogu iliyoanza mwaka 2003 na ambayo msimbo wake u wazi kwa yeyote kuusoma. Toleo la 2.5 la mwaka 2008 liliwawezesha watu kupakia faili nyingi kwa mkupuo huku mstari ukionyesha hatua iliyofikiwa. Desemba 2012 toleo la 3.5 lilileta maktaba mpya: badala ya kisanduku chenye vichupo vya kuchosha, mwandishi aliona picha zake zimepangwa kama vigae, akachagua kadhaa na kuziingiza katika makala bila kuiacha kazi yake. Toleo la 5.3 la mwaka 2019 liliongeza jambo la busara. Picha yenye upande unaozidi pikseli 2,560 hupunguzwa, na seva ikikwama katikati ya kutengeneza nakala ndogo, huombwa iendelee pale ilipoishia.

Nakala ndogo hizo ndizo uhai wa maktaba. Maktaba ikionyesha picha 20 za megabaiti 4 kila moja, mtumiaji atalazimika kupakua megabaiti 80 ili tu achague moja. Ikionyesha vigae vya pikseli 150 kwa 150, atapakua sehemu ndogo mno ya kiasi hicho. Picha ya asili hubaki salama katika seva, nayo huitwa inapohitajika.

Kutafuta nako kuna mitego. Simu huzipa picha majina ya tarakimu yasiyomwambia mtu lolote. WordPress kwa kawaida huweka faili katika makabati ya mwaka na mwezi, na maktaba huruhusu kuchuja kwa mwezi au kwa aina ya faili. Hilo husaidia, lakini halitoshi. Kipakiaji kiombe kichwa kifupi cha picha wakati mtumaji angali anakumbuka alichopiga, pamoja na maelezo mbadala, yaani sentensi itakayosomwa kwa sauti na simu ya msomaji asiyeona. Tangazo la mkutano lililopakiwa kama picha tupu humfungia nje mwananchi huyo.

Katika kufuta, hata WordPress ina upungufu. Picha moja yaweza kutumika katika makala tano, lakini maktaba huitaja ile tu iliyopakiwa kwayo, na faili likifutwa kwa kawaida haliendi kwenye kapu la taka, hutoweka kabisa. Anayeunda programu mpya aonyeshe kila mahali picha inapotumika kabla ya kumruhusu mtu aifute.

Hatimaye kuna jambo lisiloonekana kwa macho. Simu ikiruhusiwa kutambua mahali, huandika ndani ya faili la picha majira ya nukta ya pale ilipopigwa. Picha ya mtoto mbele ya nyumba yao yaweza hivyo kubeba mahali hasa nyumba ilipo, na nakala ndogo zisipokuwa na taarifa hizo, faili la asili huendelea kuzibeba. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kipakiaji kinachoziondoa taarifa za mahali kabla picha haijahifadhiwa humwepusha katibu na kosa asilojua kwamba analitenda. Programu isiyo na kinga hiyo ikitumika, katibu azime utambuzi wa mahali katika kamera kabla ya kupiga picha.