Dondoo muhimu: Kutuliza moyo kabla ya mahojiano ya kazi

Mkaazi wa Waithaka jijini Nairobi aliyeitwa kwa mahojiano katika Tume ya Utumishi wa Umma, Harambee Avenue, aghalabu huingiwa na hofu tangu usiku, na hofu hiyo, nionavyo mimi, huzidishwa na barabara kuliko maswali. Kwani anayenaswa na msongamano wa Kawangware saa moja na nusu asubuhi, ilhali kondakta angali akiita abiria, hufika mjini akihema na fikira zimetawanyika. Basi panda matatu ya alfajiri, ufike mapema, ukae kitako, unywe maji.

Kitambulisho na vyeti halisi vitie katika bahasha usiku, kitambulisho kikiwa juu. Maelezo ya nafsi yako na kazi ulizozifanya yaseme kwa sauti mbele ya jamaa, kwa lugha utakayoulizwa, maana ulimi usiozoea maneno ndio unaokwama.

Moyo ukienda mbio mlangoni, vuta pumzi taratibu, kisha uitoe kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, mapigo yatapungua. Usipolifahamu swali, omba kwa adabu lirudiwe.

Na akitokea mtu wa kukutisha kwamba bila fedha hupati kazi, mpuuze: Tume haitozi ada.