SOMO LA KIKUNDI: Je, Baipola Huonekana Mwilini?



Huenda mnamjua mtu wa namna hii. Kwa wiki moja au mbili halali ila kidogo, anaongea bila kupumzika, anaanzisha biashara tatu kwa mpigo, anagawa pesa ovyo, hata za kikundi. Baadaye anajifungia nyumbani majuma mengi, hana hamu ya chakula wala kazi. Wengine husema amerogwa, wengine eti ni kiburi. Yawezekana ni ugonjwa wa baipola. Huu ni ugonjwa wa ubongo, na una matibabu.

Alama za mwilini

Mimba ikingali changa, ngozi na ubongo wa mtoto hutokana na tabaka moja. Ndiyo maana wataalamu waliuliza: kama ubongo haukukua sawasawa, je, mwili nao hautakuwa na alama? Wakapima mambo madogo madogo: masikio yaliyokaa chini, kaakaa lililoinuka sana, mstari mmoja unaokata kiganja chote. Kwa wagonjwa wa skizofrenia alama hizo zilionekana zaidi. Kwa wenye baipola, matokeo hayakubaliani. Tena watu wengi wenye afya njema wanazo. Basi usitazame sikio la mtoto wa jirani ukasema, "Huyu atapata wazimu." Huko ni kumwonea bure.

Ubongo wenyewe

Mwaka 2018, wanasayansi wa nchi nyingi wanaoitwa ENIGMA walichapisha matokeo ya picha za ubongo za watu 6,503. Kati yao, 2,447 walikuwa na baipola. Kwa wastani, gamba la nje la ubongo wa wagonjwa lilikuwa jembamba zaidi, hasa upande wa mbele na kandokando. Kwa waliotumia dawa ya lithiamu, wembamba huo ulikuwa mdogo. Hata hivyo, huo ni wastani wa watu wengi. Picha ya mtu mmoja haitoshi kusema anaumwa. Daktari hutambua baipola kwa kusikiliza habari za mgonjwa na za watu wanaoishi naye. Hapo ndipo ninyi mnapohitajika.

Tufanye nini?

1. Andikeni mliyoyaona: alianza lini kukosa usingizi? Alijifungia lini? Mwende naye kituo cha afya na karatasi hiyo.
2. Akipata nafuu, asiache dawa bila daktari. Anayetumia lithiamu hupimwa damu mara kwa mara na anywe maji ya kutosha. Akihara au kutapika, arudi kliniki upesi.
3. Mama anayetumia valproeti amwone daktari kabla ya kushika mimba, maana dawa hiyo yaweza kumdhuru mtoto tumboni.
4. Akisema anataka kufa, msimwache peke yake. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.
5. Akiwa mzima, mkubaliane naye nani atamsaidia kutunza pesa akianza kuugua. Msimfukuze kikundini.

Maswali ya kujadiliana

- Hapa kwetu, mtu wa namna hii huitwa nani? Jina hilo linamsaidia au linamuumiza?
- Kwa nini habari za watu wa nyumbani zinamfaa daktari kuliko umbo la sikio?
- Nani kati yetu atamsindikiza kliniki mwezi huu?