VIJIDUDU SUGU HUPEANA SILAHA

Bakteria ni vijidudu. Baadhi yao huleta magonjwa, kama kipindupindu na kifua kikuu. Dawa za antibiotiki huwaua. Lakini wapo ambao dawa haiwaui tena. Hao huitwa bakteria sugu. Mwaka 2019 usugu huo ulisababisha vifo vya watu wapatao milioni 1.27 duniani.

Usugu huenea vipi?

Ndani ya bakteria kuna uzi mwembamba sana uitwao DNA. Uzi huo hubeba maagizo ya urithi. Bakteria wengi wana pia pete ndogo ya DNA, iitwayo plasmidi. Mara nyingi agizo la kuishinda dawa limo katika pete hiyo. Bakteria anaweza kumpa mwenzake nakala ya pete, hata wa aina nyingine, kama jirani anavyompa jirani mbegu.

Pete hutambuliwa vipi?

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Chalmers, nchini Uswidi, hutumia kifaa chenye mifereji midogo mno. Unywele wa mtu ni mnene kuliko mfereji huo mara mia kadhaa. Hufanya hivi:

1. Kimeng'enya kiitwacho Cas9 huikata pete penye agizo la usugu.
2. DNA hutiwa rangi. Sehemu nyingine hung'aa sana, nyingine kidogo.
3. DNA husukumwa mferejini. Humo haina nafasi ya kujikunja, basi hunyooka.
4. Hadubini huonyesha mpangilio wa mwanga. Kila aina ya pete ina mpangilio wake, kama alama za vidole. Pete nyingi zikikatwa mahali pamoja, ndipo lilipo agizo.

Mwaka 2019 ilitangazwa kazi waliyoifanya juu ya watoto wachanga 17 wa wodi moja ya Uswidi. Watoto hao walikuwa na bakteria sugu wa aina moja. Baadaye wengine walionekana na aina ya pili. Je, bakteria walipeana pete? Kifaa kilionyesha kuwa hapana. Aina ya pili ilitoka kwingine. Hivyo njia mbili za usugu zilitenganishwa.

Sisi tufanye nini?

Antibiotiki haiponyi mafua. Usinunue bila kuandikiwa na mganga. Meza kama ulivyoelekezwa, wala usimgawie mwenzako. Nawa mikono kwa sabuni.

Maswali
1. Plasmidi ni nini?
2. Kwa nini DNA hunyooka mferejini?
3. Nyumbani kwako, vidonge vinavyobaki hufanywa nini?