Ukipanda Newala Peke Yako

Anayekwenda Newala, mkoani Mtwara, kwa mara ya kwanza huuliza kama huko mpakani kuna usalama. Swali ni zuri ila ni pana mno, kwa sababu uwanda wa Makonde una juu na una chini. Juu ndiko kuliko Newala mjini, Tandahimba na mikorosho isiyo na mwisho. Upande wa kusini ardhi inakatika ghafla na kuporomoka mpaka bonde la Mto Ruvuma. Ng'ambo ya mto ni Msumbiji, jimbo la Cabo Delgado, ambako uasi ulianza Oktoba 2017 katika mji wa Mocímboa da Praia, ukawakimbiza mamia ya maelfu ya watu makwao.

Juu, watu wako kwenye shughuli zao. Kule chini karibu na maji hesabu ni nyingine. Oktoba 2020 wapiganaji walivuka mto wakashambulia Kitaya, kijiji cha mkoa wa Mtwara kilicho kando ya Ruvuma, wakaua watu na kuchoma nyumba. Kitaya iko mashariki, mbali na Newala, lakini tangu siku zile mgeni asiyeeleweka hatazamwi kirahisi popote katika ukanda wa mto. Kwa msafiri anayekaa juu, hilo ndilo la kulifikiria kuliko risasi: anaweza kuonekana mtu asiye na mwenyeji, asiye na shughuli, anayeuliza njia za kuteremkia mtoni.

Kwa hiyo, kabla ya ramani, andaa maelezo yako. Umetoka wapi, unakwenda kwa nani, utarudi lini. Raia abebe kitambulisho cha NIDA. Mgeni wa nchi nyingine abebe pasipoti yenyewe, na nakala yake iwe kwenye begi jingine. Kwenye gesti jaza kitabu cha wageni kwa ukamilifu, hata kama mhudumu anaonekana hajali. Ukienda kulala kijijini, pita kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji au kwa mtendaji, usalimie, ujieleze. Hii si hisani unayowafanyia. Siku polisi au wanajeshi watakapouliza habari zako, mtu wa kwanza kuulizwa atakuwa mmoja wao, na ni bora awe na jibu. Asiye na ndugu huko atafute mwenyeji kabla hajaondoka: mwalimu, padri, imamu, mfanyabiashara wa korosho, yeyote ambaye jina lake ukilitaja stendi watu wataitikia kwa kichwa kwamba wanamjua.

Wazee wa uwanda huu hawakuanza juzi kuwahesabu wageni. Kuanzia 1964 hadi 1974, wapigania uhuru wa Msumbiji, FRELIMO, walipopigana na Wareno, wakimbizi na wapiganaji walipita kwenye mabonde hayohayo. Isitoshe, Wamakonde wako pande zote mbili za mto, na wengi wana shangazi au mjomba ng'ambo. Ndiyo maana maswali ya "huko ng'ambo hali ikoje?" yanagusa familia za watu. Yaache mpaka mwenyeji ayaanzishe mwenyewe. Mgeni kutoka nje anayetaka kuuliza kwa daftari na kinasa sauti anahitaji kibali cha utafiti cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, kabla hajapanda basi, na barua ya kujitambulisha ofisi ya mkuu wa wilaya.

Picha nazo. Shimo la Mungu, ule ukingo wa Newala ambapo unaiona Ruvuma na Msumbiji kwa mbali, kila mtu hupiga picha. Lakini daraja, kizuizi cha barabarani, gari la jeshi na askari mwenyewe usivipige. Droni iache nyumbani kama huna kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kuirusha karibu na mpaka huu bila ruhusa ni kujitafutia usiku mrefu kituoni. Na ukisikia ngoma za jando au unyago, au ukakutana na mapiko, wachezaji waliovaa vinyago, njiani, uliza kwanza nani anaruhusiwa kusogea. Kambi ya jando haiingiliwi na mpita njia, awe na kamera au asiwe nayo.

Njia ya kufika ni mbili. Kutoka Dar es Salaam unapita Kibiti, Somanga na Lindi, unakunja Mingoyo, unapita Ndanda mpaka Masasi, lami muda wote. Halafu kutoka Masasi unaanza kupanda. Kutoka Mtwara unapita Nanyamba na Tandahimba. Hiyo ya pili, Mtwara hadi Masasi kupitia Newala, ina urefu wa kilomita 210 hivi, na lami yake imekuwa ikijengwa kipande kwa kipande. Uliza stendi kipande gani kinapitika leo, wala usitegemee alichokuambia mtu aliyepita mwaka jana. Kuanzia Desemba hadi Aprili mvua huharibu miteremko, na basi linaweza kulala njiani. Hata barabara kuu si ya kuiamini kupita kiasi: Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya ziliikata pale Somanga, na mikoa ya kusini ikatengana na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Weka akiba ya siku mbili katika ratiba yako. Ukipanda bodaboda, fika kabla ya jua kuzama; giza la vichaka vya uwanda huu halina taa ya kukusaidia.

Chagua pia msimu. Juni hadi Septemba kuna ukavu na ubaridi mtamu wa asubuhi. Oktoba hadi Desemba ni korosho, na hapo uwanda hubadilika: vyumba vya gesti hujaa, malori hujaa, fedha nyingi hutembea mikononi, na wezi huzifuata. Korosho ni siasa pia. Novemba 2018 Rais Magufuli aliagiza serikali inunue korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi lizisombe, baada ya mvutano wa bei na wanunuzi. Miaka mitano kabla, mwaka 2013, majengo yalichomwa moto Masasi katika vurugu za Januari, na Mtwara ikawaka Mei kwa sababu ya bomba la gesi. Sisemi haya kumtisha mtu. Nataka ujue kwamba watu wa kusini ni wapole mpaka wanapoona wamedharauliwa, na mgeni anayechekesha watu kwa utani wa bei ya korosho kwenye mnada uliochacha hana akili.

Ukikuta mkusanyiko wenye kelele, usiusogelee ili kuona. Kaa gesti, mpigie mwenyeji wako. Na usiweke fedha zako zote kwenye simu: Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Beba fedha taslimu za kutosha chakula, gesti na nauli ya kurudi, uzigawe sehemu tatu. Pakua ramani kabla. Ukiwa ukingoni mwa uwanda, simu inaweza kukamata mtandao wa Msumbiji na kukukata salio, basi izuie isijiunge na mitandao ya nje.

Maji yabebe. Mchanga wa uwanda hunywa mvua yote, mito juu haipo, na kwa miaka mingi maji yamepandishwa kwa mitambo kutoka chanzo cha Mitema, bonde la Kitangari. Bomba likikauka, ndoo hununuliwa. Usioge kama uko Dar. Njiani kuna ming'oko, mizizi ya kuchemsha, nayo hushibisha. Uraka wa mabibo ni mtamu na unapanda taratibu, kwa hiyo asiunywe anayeendesha.

Kuvuka kwenda Msumbiji ni safari nyingine kabisa. Usivuke kwa mtumbwi, hata ukiona wenyeji wanavuka. Njia halali ya upande huu ni Daraja la Umoja pale Mtambaswala, wilaya ya Nanyumbu, lenye mita 720, lililofunguliwa mwaka 2010; unalifikia kutoka Masasi kupitia Mangaka. Waulize kwanza Uhamiaji wa Masasi au Mtwara kama upande wa Negomano, ng'ambo ya daraja, unapitika wiki hiyo, na usome onyo la ubalozi wako kama una pasipoti ya kigeni. Bima nyingi za safari hazilipi chochote Cabo Delgado.

Ukiugua, Newala ina hospitali ya wilaya, Masasi kuna Mkomaindo, na Ndanda, barabara ya Lindi, kuna hospitali kubwa ya misheni. Homa yoyote pima malaria siku hiyohiyo. Namba ya dharura ya polisi ni 112. Ukiambiwa na mtendaji au askari kwamba uondoke kijiji cha bondeni, usibishane wala usisubiri kesho. Panda juu kwa chombo cha kwanza, kisha mpigie mwenyeji wako umwambie umefika wapi.