Kolesteroli Njema: Nini Huipandisha na Nini Huishusha Katika Utu Uzima

Katika toleo hili tunaziacha kidogo habari za magendo na ajali, ingawa hatuziachi kabisa. Katika maegesho ya malori hupita wachuuzi wenye chupa na vidonge vinavyodaiwa kuongeza "kolesteroli njema," na wapo wanunuzi ambao, kwa kuziamini chupa hizo, huacha dawa walizoandikiwa na daktari. Ndiyo maana yafaa tuelewe kitu hicho ni nini, na kwa nini huongezeka au kupungua.

Kolesteroli ni aina ya mafuta ambayo mwili huyatengeneza wenyewe, hasa katika ini. Husafirishwa ndani ya damu na chembe ndogo mno. Chembe ziitwazo LDL huipeleka mwilini, nazo zikizidi huiacha katika kuta za mishipa mpaka njia ya damu ikawa nyembamba. Chembe za HDL huiokota iliyosalia na kuirudisha kwenye ini, na ndizo zilizopewa jina la njema. Utafiti ulioanzishwa mwaka 1948 katika mji wa Framingham, Marekani, ulionyesha katika miaka ya 1970 kwamba wenye HDL kidogo walipatwa na maradhi ya moyo zaidi ya wenzao. Mwanamume aliye chini ya miligramu 40 kwa desilita moja ya damu, na mwanamke aliye chini ya 50, huhesabiwa kuwa na upungufu. Maabara nyingine hutumia milimoli kwa lita, ambapo mipaka hiyo ni 1.0 na 1.3. Basi mtu asishtuke kuona tarakimu ndogo.

Sehemu kubwa ya kiwango hiki hurithiwa kwa wazazi. Jinsia nayo ina nguvu. Wavulana na wasichana hukaribiana utotoni, lakini wavulana wabalehepo HDL yao hushuka, na katika utu uzima wanawake hubaki juu ya wanaume. Hata hivyo, mama aliyekoma hedhi asijione salama, kwa kuwa wakati huo kolesteroli mbaya hupanda.

Zaidi ya urithi na jinsia, miaka peke yake si mshtakiwa mkuu. Mshtakiwa ni yale tunayoyafanya kadiri miaka inavyopita. Dereva asubiriye hati za forodha Malaba au Mutukula hukaa kitini kutwa, hula chapati na soda, kisha hulala humo humo. Tumbo likikua, aina nyingine ya mafuta ya damu, iitwayo trigliseridi, huongezeka, na HDL hupungua. Kisukari cha ukubwani huandamana na hali hiyo hiyo. Sisi askari tunaokaa kwenye vizuizi hatuna la kujivunia hapa, kwani vitambi vyetu vyaonekana.

Sigara huishusha HDL, hata kwa anayevuta moshi wa mwenzake. Aachaye kuvuta huiona ikianza kupanda baada ya majuma machache, jambo ambalo dawa za wachuuzi haziwezi kumhakikishia. Kutembea kwa haraka, kuendesha baiskeli au kulima huipandisha kwa kiasi kidogo, mradi mtu adumu. Shirika la Afya Duniani hupendekeza angalau dakika 150 kwa juma. Mafuta ya kupikia yaliyogandishwa kiwandani yanaweza kuishusha HDL huku yakiipandisha LDL. Maambukizi ya VVU yasiyotibiwa nayo huishusha.

Kuna jambo lihusulo ulinzi wa mpaka moja kwa moja. Homoni za kiume za kutengenezwa, zinazouzwa kwa siri kwa vijana wanyanyuao vyuma ili watunishe misuli, huiporomosha HDL sana katika muda wa majuma machache. Kijana mwenye kifua cha kupendeza aweza kuwa na mishipa iliyokosa mlinzi.

Kuhusu pombe, ni kweli kwamba huipandisha HDL kidogo, na walevi wameifurahia habari hiyo kupita kiasi. Lakini pombe huharibu ini na kupandisha shinikizo la damu. Na yale tunayoyaokota barabarani usiku hayahitaji maelezo.

Tena, tarakimu kubwa si kinga. Mwaka 2006 majaribio ya dawa iitwayo torcetrapib, yaliyohusisha wagonjwa wapatao 15,000, yalisimamishwa. Dawa hiyo iliipandisha HDL sana, lakini waliopewa walikufa kwa wingi kuliko wasiopewa. Ikiwa dawa iliyochunguzwa na mabingwa ilishindwa hivyo, chupa isiyo na lebo yatoa ahadi gani?

Aliyefikisha miaka 40, au mwenye kisukari, shinikizo la damu au ndugu aliyekufa kwa moyo akiwa bado kijana, aombe kipimo cha mafuta yote ya damu, si HDL pekee. Asiache dawa ya daktari kabla ya kurudi kwake. Na anayeuziwa dawa isiyosajiliwa, iwe na Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa ya Uganda au Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ya Tanzania, asiitupe chupa. Ailete katika kituo cha polisi kilicho karibu, pamoja na maelezo ya mahali alipoinunua.