Jambia la Oman: Pima Bei Kabla ya Kulipa

Jambia humkamilisha bwana harusi wa Unguja mwenye joho na kilemba. Ukilitafuta Mji Mkongwe, zingatia haya usije ukalipa bei ya fedha kwa shaba.

1. Pita maduka matatu au zaidi kabla ya kutaja bei yako.
2. Beba sumaku ndogo: ikinasa kwenye pambo, hiyo si fedha; isiponasa, bado huenda ni shaba iliyochovywa.
3. Mpelekee sonara unayemwamini aipime fedha. Alama ya 925 pekee haitoshi, hugongwa hata kwenye bandia.
4. Usilipie uzito wote kama fedha: ndani ya ala mna mbao na ngozi.
5. Hesabu pete za ala: jambia la Saidiya, mtindo wa ukoo wa masultani wa Bu Saidi, huwa na saba, mengi mengine yana nne.
6. Chomoa ubapa: ukilegea kwenye mpini au ukiwa bati jembamba, bei ishuke.
7. Kagua mkanda na ushonaji wa nyuzi za fedha. Kuufanyia ukarabati ni gharama nyingine.
8. Kataa mpini wa pembe ya faru: biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku tangu 1977.
9. Usiamini neno “la kale” kwa sababu ya weusi tu. Fedha mpya nayo husawijishwa.
10. Dai risiti yenye maelezo kamili.
11. Ukisafiri kwa ndege, liweke kwenye mzigo wa kukabidhi, kamwe si mkobani.
12. Kwa harusi moja tu, azima kwa jamaa au kodi.